Kuku Wale Walikuwa Wazima

Mitetea wanne na jogoo mmoja. Nilimpelekea mama mimi mwenyewe, kwa basi kutoka Mtwara mjini hadi Newala, ndani ya tenga nililolipakata njia nzima. Ulikuwa mwezi wa nane, korosho hazijaanza kuanguka. Niliwachagua mmoja mmoja: macho maangavu, upanga mwekundu, manyoya ya nyuma makavu bila alama ya kuhara. Chanjo ya kideri walishapata. Mimi ni mtu wa mifugo, nilisomea Mpwapwa, na nilijua ninachokitazama.

Januari iliyofuata mtoto wa mdogo wangu wa kike, wakati huo ana miezi 11, alianza kuhara damu.

Ilinichukua muda kuyaunganisha mambo hayo mawili, na katika muda huo mdogo wangu alisemwa maneno ambayo hakustahili kusemwa. Ndiyo maana naandika.

Kwetu ni juu ya uwanda wa Makonde. Kuku hawalali nje. Kuna kicheche, kuna kanu, kuna siafu mvua zikianza, na zaidi ya wote kuna mwizi. Jua likizama mama huwaita kwa punje za mtama, wanaingia jikoni mmoja baada ya mwingine, mlango unafungwa. Jiko ni chumba cha udongo kilichoshikana na nyumba. Asubuhi mama hufagia, na ni mtu msafi sana mama yangu, lakini sakafu ya udongo haifagiliwi ikaisha. Kinyesi kibichi hukanyagwa, kikachanganyika na vumbi na majivu, na wakati wa mvua chumba kile hakikauki. Sakafu hiyo ndiyo mtoto aliyojifunzia kutambaa, kwa sababu jikoni ndiko aliko bibi yake, na asubuhi za Newala zina baridi, watu wote hujikusanya penye moto.

Maji nayo yana habari yake. Enzi za bibi yangu wanawake waliteremka makorongo hadi kwenye chemchemi za chini, wakapanda tena na mtungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, ulikuja kuyasukuma maji kutoka bondeni kwa mashine, na mpaka leo bomba likikauka tunarudi kwenye maji ya mvua yaliyovunwa juu ya bati na kuhifadhiwa kwenye kisima cha saruji. Kuku haohao hupanda juu ya bati hilo. Mtu anayenunua maji kwa dumu hanawi mikono mara kumi kwa siku, na mimi sitamlaumu.

Mdogo wangu alinipigia saa tano usiku. "Kaka, mtoto anatoa damu." Nikamuuliza kama ninavyowauliza wafugaji: damu tupu au ina ute? Amechemka? Ananyonya? Analia machozi? Alinijibu lile la mwisho kwa sauti ya chini, kwamba machozi hayatoki. Nilimwambia aanze kumpa maji ya chumvi na sukari papo hapo, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kwa kijiko huku akiendelea kumnyonyesha, na alfajiri wawe zahanati.

Haikuwa mara yake ya kwanza kuhara. Tangu miezi 7 alikuwa anahara, anapona, anahara tena. Safari ya kwanza mama alisema ni meno. Ya pili jirani akasema ni mchango, ikaletwa mizizi ya kuchemsha. Ya tatu walikwenda duka la dawa wakapewa dawa ya maji ya amiba, maana huku kwetu kila tumbo linalosokota ni amiba mpaka ithibitike vinginevyo, na nani atakayethibitisha? Kuna mtu alitaja meno ya plastiki pia. Namshukuru Mungu mdogo wangu alikataa mtoto asiguswe fizi na kisu cha mtu.

Na kila alipohara, mstari kwenye kadi ya kliniki ulilala. Mtoto akawa mwepesi, shingo nyembamba, nywele zimepoteza weusi wake. Hapo ndipo neno lile likaanza kupita uani, chini chini: kabemendwa. Kwa ambaye hakulelewa na neno hili, maana yake ni kwamba wazazi hawakujizuia, wameendelea na mambo yao ya chumbani wakati mtoto bado ananyonya, na mtoto ndiye anayelipa. Anayelaumiwa huwa mama. Baba hutajwa kidogo, kisha husahauliwa. Mdogo wangu aliacha kwenda kwenye vikao vya kikundi cha kuweka na kukopa kwa sababu ya neno hilo moja.

Kwa Wamakonde ukoo ulifuata upande wa mama, na ingawa mengi yamebadilika, jambo la mtoto likiharibika bado anayeitwa ni mjomba. Mjomba ni mimi. Kwa hiyo neno lilinifikia rasmi, kwa heshima zote: zungumza na dada yako.

Kwenye zahanati walifanya kazi yao vizuri. ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, zinki ya siku 10, na antibiotiki ya kuhara damu. Naiheshimu sana pakiti ile ya ORS. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu watu wakiwa wamelala sakafuni kwa kipindupindu. Akawapa ndugu wa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Mtoto wetu alianza kupata nguvu siku ya tatu. Kinyesi chake hakikuoteshwa maabara, na kwa zahanati ya kijijini hilo halishangazi.

Nilikwenda kumwona mwezi wa pili. Nimekaa kwenye kibao jikoni, mama anapika ming'oko, tunazungumza habari za bei ya korosho. Mtoto alikuwa anatambaa kati ya miguu yangu. Akaokota kitu sakafuni, akakitazama kama wanavyotazama watoto, akakipeleka mdomoni. Nilimshika mkono kikiwa kimeshafika kwenye mdomo wa chini. Kilikuwa kinyesi cha kuku, kibichi, chenye ule weupe juu.

Mama akacheka kwa upole. "Muache, watoto wote wanakula udongo."

Sikuweza kucheka. Nilimtazama mtetea aliyesimama mlangoni, mnene, manyoya yanang'aa, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza swali ambalo chuoni hakuna aliyeniuliza: kuku mzima amebeba nini tumboni?

Tulifundishwa magonjwa ya kuku kwa bidii. Pulorumu, ile inayoua vifaranga wa siku chache kwa kuhara kinyesi cheupe kinachoganda mkunduni. Homa ya matumbo ya kuku, kinyesi cha njano au kijani na vifo vya ghafla kwa wakubwa. Yote mawili huletwa na bakteria wa kundi la salmonela, na yote mawili ni ya ndege. Ni nadra sana kumwambukiza binadamu. (Wafugaji wengi huniuliza kama kuku mwenye homa ya matumbo ataambukiza nyumba nzima taifodi. Hapana. Bakteria wa taifodi ya watu anaishi kwa watu peke yao, jina tu ndilo limefanana.) Unaona ilivyo: yale yanayomuua kuku tuliyajua kwa majina, kwa rangi ya kinyesi, kwa dawa na vipimo vyake. Yanayokaa ndani ya kuku bila kumsumbua hayakuwa somo letu, kwa sababu hakuna mfugaji anayemwita bwana mifugo amtazame kuku anayetaga vizuri.

Yupo bakteria anaitwa kampilobakta. Umbo lake limejipinda kama koma, na jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo ya kupinda. Nilikutana naye Mpwapwa kwenye somo la ng'ombe, kama kisababishi cha kutoka mimba, na kwa kweli watu wa mifugo ndio waliomfahamu kwanza, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Daktari wa watoto Theodor Escherich aliona vijidudu vilivyojipinda hivyo mwaka 1886 kwenye matumbo ya watoto waliokufa kwa kuhara, lakini alishindwa kuviotesha. Ilipita karibu miaka 90. Mwaka 1972 watafiti wa Ubelgiji wakafanikiwa kumwotesha kutoka kwenye kinyesi cha binadamu, na mwaka 1977 Martin Skirrow wa Uingereza akaonyesha njia nyepesi ambayo maabara za kawaida zingeweza kuifuata. Kumbe alikuwa kila mahali siku zote.

Alijificha kwa sababu ana masharti. Hataki oksijeni nyingi, na aina inayowasumbua zaidi watu humea vizuri zaidi kwenye nyuzi joto 42, wakati maabara nyingi huotesha vijidudu kwenye 37, joto la mwili wa mtu. Sasa fikiria joto la mwili wa kuku: 41 hadi 42. Ndani ya utumbo wa kuku yupo kwake. Anazaliana hapo, hamsumbui mwenyeji wake, na gramu moja ya kinyesi inaweza kubeba mamilioni. Kumwangusha mtu hakuhitaji wengi. Mwaka 1981 mtafiti wa Uingereza, D. A. Robinson, aliandika jinsi alivyokunywa maziwa yenye bakteria 500 hivi wa aina hii, naye akaugua. Kiasi hicho mtoto anakipata kwenye ncha ya kidole.

Haya sikuyajua nilipolipakata lile tenga.

Kilichonigusa zaidi ni utafiti uitwao MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa katika nchi 8, na moja ya vituo vyake ilikuwa Haydom, hapahapa kwetu Tanzania. Kwa kipimo kinachomtambua kampilobakta bila kulazimika kumwotesha, watoto zaidi ya 8 kati ya 10 walikutwa naye angalau mara moja kabla ya kutimiza mwaka. Wengi hawakuwa wanahara siku walipopimwa. Walikuwa naye tu, kimya. Na wale waliokuwa naye mara kwa mara walikuwa wafupi kuliko wenzao walipofika miaka miwili. Utumbo unaoshambuliwa kila mara huvimba kwa ndani, ukavuja, chakula kikapita bila kunyonywa sawasawa. Mtoto anakula uji wa lishe na bado anakonda.

Soma tena sentensi hiyo ukimfikiria mdogo wangu uani, na macho ya majirani mgongoni.

Huko Ulaya watu wengi humpata bakteria huyu kwa nyama ya kuku isiyoiva. Nimesikia maonyo hayo yakirudiwa kwenye semina zetu kama yalivyo: pikeni kuku aive. Jamani, nani hapa Mtwara anakula kuku mbichi? Kuku wa kienyeji anakaa jikoni mpaka kuni zinaisha, na nazi inatiwa baadaye. Nyama yetu inaiva. Hatari iko kwenye kibao alichochinjiwa na kukatiwa, ambacho kinamwagiwa maji kidogo na kukatiwa kachumbari; na kubwa zaidi iko sakafuni. Ushauri ukisafiri kutoka nchi ya watu wenye majokofu na sakafu za vigae bila kuangalia unakofikia, unamwacha mtoto anayetambaa nje ya hesabu.

Nikiwa kijana nilifanya kazi miaka mitatu wilaya ya Kilwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa mabonde ya Usangu na Ihefu, huko Mbeya, wengi wakaletwa mkoa wa Lindi na ng'ombe wao, kwenye ardhi ambayo mbung'o walikuwa wameifanya iwe ngeni kwa ng'ombe kwa muda mrefu. Migogoro niliyoisuluhisha ilikuwa ya mashamba: ufuta umeliwa, mihogo imekanyagwa. Mara nyingi kikao kilikaa karibu na dimbwi ambalo upande mmoja ng'ombe wananywa na kujisaidia, upande wa pili akina mama wanachota kwa kata. Sikusema kitu. Nilikuwa nimetazama ng'ombe, nikaona ni wazima. Ipo aina ya ikolai, bakteria wa utumbo, iitwayo O157, iliyotambuliwa Marekani mwaka 1982 baada ya watu wa Oregon na Michigan kuugua kwa kula nyama ya kusaga. Ng'ombe huibeba bila shida yoyote, kwa sababu mishipa ya utumbo wake haina mahali pa sumu ya bakteria huyo kujishika. Mtoto wa mtu anapo mahali hapo, hasa kwenye figo. Nimelirudia dimbwi lile mara nyingi kichwani.

Na kuna suala la dawa, ambalo linaniuma kwa namna nyingine. Mama aliponisikia nikieleza, jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Basi tuwape rangi mbili." Vidonge vile vya tetrasaikilini, vya watu, kila nyumba huku huwapasulia kuku kwenye maji wakikohoa, wakiharisha, wakisinzia. Nani aliwafundisha? Kwa sehemu ni sisi. Nimewaandikia wafugaji antibiotiki za unga kwa kuku waliokuwa na kideri, ugonjwa wa virusi ambao dawa hizo hazina la kuufanya, kwa sababu mfugaji amekuja na hela mkononi na mimi sikutaka aondoke mikono mitupu. Nimeandika enrofloksasini pia. Dawa hiyo ni ndugu wa damu wa siprofloksasini, ambayo ndiyo hupewa mtoto anayehara damu. Marekani iliipiga marufuku kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu hiyo hasa: kampilobakta waliozoea dawa bandani walikuwa wakiwaambukiza watu, na dawa ya watu ikagoma. Nilimwambia mama hapana. Kuku mzima hapewi dawa, na huwezi kumsafisha utumbo kwa kidonge. Wiki moja baadaye ameokota wengine chini.

Kinachotakiwa ni umbali. Nilitaka kujenga kizimba palepale ukutani, kama wengi wanavyoshauri, ndipo nikakumbuka habari niliyoisoma ya Lima, huko Peru. Watafiti walizipa familia mabanda ya kufungia kuku uani ili kuwaepusha watoto, na watoto wa nyumba hizo wakahara kwa kampilobakta zaidi ya wale ambao kuku wao waliendelea kuzurura. Kinyesi kilirundikana sehemu moja, karibu na nyumba, na watoto wakaenda kuwachezea kuku hapohapo. Kwa hiyo kizimba kikiwa karibu ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Nilipima hatua 25 kutoka mlango wa jikoni, nikachimbia nguzo. Sakafu ya mianzi iliyoachana kidogo, futi tatu juu ya ardhi, kinyesi kidondoke chini kikusanywe na kufukiwa kwenye shimo la mbolea. Kampilobakta ni dhaifu kwa jambo moja: hawezi ukavu. Uwanja wa mchanga uliopigwa na jua la Newala humuua upesi kuliko sakafu ya jiko lenye giza. Kibao cha nyama na kibao cha mboga vikatenganishwa. Maji ya kisimani mtoto hanywi bila kuchemshwa.

Mama alisimama akinitazama nikichimba. "Mbali hivyo, mwanangu, umewawekea wezi." Kisha akasema, "Ninyi wote nimewalea na kuku humo humo jikoni."

Nikamuuliza, "Ulizaa wangapi, mama?"

"Nane."

Tumebaki watano. Alijua ninakoelekea kabla sijafika, akageuka akaingia ndani. Sikupaswa kumuuliza hivyo. Ni mama yangu, na watoto wale watatu aliwazika yeye. Jioni nilikwenda nikakaa naye bila kusema lolote kuhusu kuku, tukala.

Jumapili niliwaita wazee wawili wa ukoo na majirani wale niliojua wamesema. Nilizungumza kama mjomba. Niliwaambia mtoto hajabemendwa. Niliwaambia ana ugonjwa wa tumbo uliorudi tena na tena, unaotoka kwenye kinyesi cha kuku, na kwamba kuku hao niliwaleta mimi, mtu wa mifugo, nikiwa na uhakika kwamba ni wazima. Walikuwa wazima kweli. Kama kuna wa kulaumiwa kwenye uwanja huu, msimtafute dada yangu. Mzee mmoja aliuliza maswali mengi mazuri kuhusu bata. Jirani yule wa mchango hakusema kitu, lakini kesho yake alimletea mdogo wangu mayai sita.

Mstari wa kadi umeanza kupanda, polepole. Ameanza kutembea, kwa hiyo sasa hatua 25 anaziweza mwenyewe, na mdogo wangu ameweka wigo wa makuti kuzunguka kizimba.

Juzi mama alipiga simu. Wiki tatu kuku walikuwa wanalala nje bila shida, juzi kicheche kapenya kwenye mianzi na kumchukua mtetea mmoja, yule mweusi anayetaga kuliko wote. Nilidhani ataniambia amewarudisha jikoni. Alinyamaza kidogo, akaniuliza mita moja ya wavu wa kuku mjini ni shilingi ngapi, na kama nitakuja nao Ijumaa au nitamkabidhi kondakta.

Nimenunua mita sita. Nitakwenda nao mwenyewe.